Bahari ya Alojz

Ruda Śląska, 14 Septemba

Bwana Witold Narwojsz,

Hunijui. Anwani yako nimeitoa kwenye boksi jeupe lililoletwa na posta mwezi wa nne, lenye kipande cha tumbawe ndani ya mfuko wa maji. Mume wangu Alojz alilifungua mezani kwa mikono miwili, taratibu, utadhani kapewa mtoto mchanga, akasema wewe ndiye mtu pekee Poland nzima asiyewauzia watu takataka. Basi nakuandikia wewe.

Alojz alipigwa na kiharusi mwezi wa nane. Upande wa kulia umekufa, kusema hasemi, na chakula ni mpaka nimlishe kwa kijiko. Kitanda chake tumekiweka sebuleni mbele ya lile tangi lake la kioo, maana kwingine hakikuenea. Anaangalia huko kutwa. Daktari anasema haangalii kitu, ni macho tu yameelekea upande huo. Mimi nimeishi naye miaka arobaini na sita, na Alojz akiangalia kitu najua.

Sasa tangi linaharibika. Maji yameshuka na pampu inanguruma. Naihisi kwa kiganja, kwa sababu masikio yangu yalibaki mgodini, kwenye mkanda wa kuchambulia makaa. Ndiyo maana sipigi simu. Ukinipigia wewe utaambulia "Nani? Nani?" mpaka uchoke. Sijui lolote kuhusu hii bahari yake. Alipokuwa mzima hakuniruhusu hata kupangusa kioo, eti nitawalisha samaki sabuni. Zamani alifuga njiwa kama wanaume wote wa mtaa wetu, na njiwa nilikuwa nawaelewa. Haya madude ya sasa hayana hata uso, nitajuaje kama yanaumwa?

Niambie nifanye nini. Likifa tangi hili sina kitu kingine cha kumwekea mbele ya macho.

Gertruda Piechula

*

Olsztyn, 19 Septemba

Bi Gertruda,

Pole sana. Alojz sijawahi kumwona, lakini tumeandikiana miaka mingi kuhusu matumbawe na ni mtu makini, jambo ambalo kwa wafugaji wa matangi ni nadra. Wengi wetu ni wapiga domo.

Kuja huko sitaweza. Usiniulize kwa nini. Sisafiri.

Pampu inanguruma kwa sababu inavuta hewa. Maji hupungua kila siku kwa joto la taa, ni kawaida. Kwenye kioo cha pembeni Alojz atakuwa amechora mstari. Kila asubuhi jaza mpaka mstari, usiruke hata siku moja. Taa zinawaka na kuzima zenyewe, usiziguse. Samaki wape chakula kidogo, kiasi cha ukucha. Wakikukodolea macho ya huruma usiwaamini, hao ni wezi. Kuna mtungi unaotoa povu, na juu yake kikombe kinajaa uchafu mweusi. Mwaga, na ushike pua.

Basi. Mumeo ameijenga vizuri hiyo bahari, inajiendesha. Watu huiua kwa kuishikashika.

W. Narwojsz

*

Ruda Śląska, 2 Oktoba

Bwana Witold,

Mungu akuzidishie afya. Mstari upo, aliuchora kwa kalamu nyekundu. Nimejaza na pampu imenyamaza. Samaki wawili wa rangi ya chungwa wamenikodolea kama ulivyosema, na mimi nimewakodolea pia.

Nina jambo nataka kukuambia, maana hapa hakuna anayeniamini. Kila asubuhi nikitoka bafuni na jagi, Alojz analia. Si chozi la kudondoka tu. Mdomo unapinda, shingo inakaza, mkono wa kushoto unapigapiga blanketi. Mwanzo niliogopa, sasa nimeelewa. Anafurahi kuona bahari yake inatunzwa. Muuguzi anayekuja kumgeuza anasema ni ugonjwa, ubongo ukipigwa mtu hulia bila sababu. Nikamuuliza, mbona nikileta supu halii? Akanijibu kitu, lakini aligeukia dirishani na midomo yake sikuiona.

Tumbawe lako la zambarau limejikunja vidole vyote. Linalala?

Gertruda Piechula

*

Olsztyn, 8 Oktoba

Bi Gertruda,

Halilali. Likijikunja siku moja limekasirika, likijikunja wiki nzima linaumwa. Tazama kama ncha zimeanza kuwa nyeupe.

Pima chumvi. Alojz ana kifaa kama kidarubini, kirefu kama kidole. Dondosha tone la maji ya tangi juu ya kioo chake, elekeza kwenye mwanga, soma namba. Inatakiwa thelathini na tano. Niandikie mara moja.

W. N.

*

Ruda Śląska, 20 Oktoba

Bwana Witold,

Nimetazama kwenye hicho kidarubini. Nimeona buluu, nimeona weupe, nimeona kope zangu. Macho yangu yote mawili yana mtoto wa jicho. Nimemwita jirani, Hildegarda, naye akaona buluu, akasema ni nzuri sana.

Ncha hazikuwa nyeupe nilipopata barua yako. Sasa lote ni jeupe, hilo la zambarau, kama mfupa uliokwisha kuchemshwa. Lile la mviringo nyama inalivuka, linabaki jiwe. Kamba mwenye mistari nimemkuta chini, hachezi. Nimebaki nafanya ulivyosema, kila asubuhi mpaka mstari, sijaruka hata siku moja, naapa. Siku tangi likionekana baya zaidi ndiyo najitahidi zaidi.

Na Alojz amekuwa mkali. Ijumaa nilipita karibu na kitanda na jagi, akalipiga kwa ule mkono wake mzima, maji yote kwenye zulia. Nimelisukuma kitanda nyuma, sasa hanifikii. Analia tangu nikishika kitasa cha bafuni mpaka nimalize. Anaona bahari yake inakufa na mimi ndiye niliyekabidhiwa. Mimi ningelia pia.

Nakuandikia jambo ambalo hata padri sijamwambia. Jumapili nilimpikia nyama ya kuviringishwa na kabichi nyekundu, nikamsagia, akatema. Nikakaa kitandani pake nikamuuliza kwa nini hakufa kule chini mgodini, akazikwa kwa heshima zake, bendi ya wachimbaji ikapiga, mimi nikabaki na picha ukutani nikaipenda. Lazima nilipiga kelele, maana Hildegarda aligonga ukuta. Lakini haidhuru. Daktari amesema neno halimwingii, ni sawa na kuliambia kabati.

Eryk, mwanetu, anakuja kutoka Norway kwa sikukuu ya Watakatifu Wote. Anataka tuzungumze.

Nisaidie, nakuomba. Mikono yangu imechoka na sijui tena niombe nini.

Gertruda Piechula

*

Olsztyn, 27 Oktoba

Mama Gertruda,

Barua zako nimezisoma upya zote na sielewi. Tangi la mtu kama Alojz halianguki hivi bila sababu. Nimefikiria sumu, nimefikiria taa, nimefikiria waya ulioliwa na kutu ndani ya maji. Chumvi tuiache, chumvi haipandi yenyewe.

Punguza muda wa taa nusu. Toa kila kilichokufa kabla hakijaoza. Kisha kaa uniandikie kila unachofanya tangu unapoamka, hata kama unaona ni upuuzi. Kuna kitu hujaniambia, si kwa kuficha, ila hukijui kuwa ni kitu.

Kuhusu uliyomwambia Alojz, mimi si padri. Kula, na wewe.

Witold

*

Ruda Śląska, 3 Novemba

Bwana Narwojsz,

Mimi ni Eryk, mtoto wa Alojz na Gertruda. Hatufahamiani, na sina ugomvi na wewe.

Nimefika nyumbani nikamkuta mama amesinzia kwenye kiti cha jikoni na barua yako mkononi. Amekonda mpaka pete inamvuka. Ana umri wa miaka sabini na moja, na kila siku anamgeuza mwanamume mzito kuliko mimi, kisha anabeba majagi ya maji kupeleka kwenye tangi linalonuka. Makaburini tulipokwenda kuwasha mishumaa alikaa juu ya kaburi la bibi, akasema anatamani kubaki hapo hapo kwa kuwa kuna utulivu.

Tulikaa na daktari, pale pale kando ya kitanda, tukayamaliza. Baba anakwenda kwenye makao ya masista wanaotunza wagonjwa wa aina yake. Gari litamfuata tarehe 21. Mama ametia sahihi.

Kinachobaki ni wewe. Mama ameshikilia kwamba matumbawe yakipona baba atapona, na kila barua yako inamwongezea siku nyingine za kujiua. Najua unafanya kwa wema. Nakuomba uache. Nitarudi tarehe 19 na hilo tangi nitalibomoa mwenyewe.

Baba yangu ameshaondoka, Bwana Narwojsz. Kilichobaki kinapumua tu. Nimesimama mbele yake nikamwambia kwaheri na hakunitazama, alikuwa anatazama mlango wa bafuni.

Eryk Piechula

*

Ruda Śląska, 7 Novemba

Bwana Witold,

Najua Eryk amekuandikia, stempu alichukua kwenye droo yangu. Usimkasirikie. Alilia kwenye gari akidhani sioni, lakini macho yangu hayajaharibika kama masikio.

Umetaka siku yangu, haya chukua. Naamka gizani, namgeuza Alojz, namsafisha. Nachota maji ya chai kwenye kile kibomba chembamba alichokifunga chini ya sinki, chenye machujio. Maji yake matamu kweli, na birika halishiki ukoko. Yeye aliyatumia kwa mambo yake ya tangi, lakini sasa yanakaa bure, basi mimi nakunywa. Kisha naingia bafuni kwenye pipa la bahari. Lile alilolikoroga mwenyewe liliisha mwezi wa tisa, kwa hiyo nakoroga mimi, ile chumvi yake ya gunia, vikombe kama ilivyoandikwa. Bahari ikipungua si inaongezwa bahari? Najaza mpaka mstari. Siku mbaya naiongezea na kikombe cha chumvi juu, kama unavyompa mgonjwa mchuzi mzito. Alojz analia wakati wote huo. Nikirudisha jagi anaacha, anafumba macho, anakaa hivyo mpaka mchana. Halafu kufua, supu, muuguzi, kufua tena. Ndiyo hiyo siku yangu, hakuna kilichofichika humo.

Nilitia sahihi. Mkono ndio uliotia, mimi nilikuwa naangalia nje. Sasa namfulia pajama zake kwa ajili ya huko na kumshonea jina kwenye kola, kama tulivyomshonea Eryk alipokwenda kambini.

Gertruda Piechula

*

Olsztyn, 12 Novemba
KWA HARAKA

Mama Gertruda,

Liweke chini jagi. Ni chumvi.

Maji yanayopaa ni matupu. Chumvi haipai, inabaki tangini. Kila asubuhi umekuwa unaongeza chumvi juu ya chumvi, na kikombe juu yake. Maji ya kujazia yalitakiwa yawe yale unayopikia chai. Kosa ni langu mimi. Nilikuandikia "jaza" nisiseme kwa maji gani, kwa sababu sisi wa matangi hatulitamki hilo, kama usivyomwambia mtu ale kwa mdomo. Nimekaa na kalamu hapa nimejitukana matusi yote ninayoyajua na bado hayatoshi.

Matumbawe usiyahangaikie tena, yamekwenda. Samaki kama wapo hai, kila siku toa ndoo moja ya bahari uweke ndoo moja ya maji ya chai, moja tu, usifanye pupa.

Sasa nisikilize, maana tangi si kitu. Alojz halii kwa furaha, wala si ugonjwa. Umeniandikia mwenyewe: supu halii, analia ukishika kitasa cha bafuni, anaacha ukirudisha jagi. Alilipiga kwa mkono mmoja aliobakiziwa. Eryk naye ameniandikia kwamba baba yake alikuwa anautazama mlango wa bafuni, akadhani ni upumbavu. Mama, huyo mtu amekuwa anakupigia kelele kwa miezi miwili kwamba unatoka mlango usio wenyewe! Anajua pipa liko wapi, anajua kilichomo, anajua kitaua nini. Yumo humo ndani, mzima.

Nilikuambia sisafiri. Figo zangu zimekufa. Kila siku ya pili nafungwa kwenye mashine, na wauguzi wanasimuliana juu ya kichwa changu nani kaachika na nani hatafika Krismasi, kana kwamba mimi ni godoro. Nasikia yote. Ndiyo maana nakwambia.

Mbele ya macho yake toka bafuni na jagi. Kisha toka jikoni na jagi. Mwonyeshe Eryk. Mwonyeshe na daktari. Kabla ya tarehe 21, nakusihi.

Witold

*

Ruda Śląska, 20 Novemba

Mwanangu Witold,

Barua yako ya haraka imekaa posta wanakojua wao, imenifikia jana mchana. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi na koti mwilini. Sikulivua.

Nilitoka bafuni na jagi. Akaanza, mdomo, shingo, mkono. Nikalirudisha. Nikaenda jikoni nikalijaza pale kwenye kibomba cha chai, nikatoka nalo mlango wa pili. Akanyamaza, Witold. Alilitazama jagi, akanitazama mimi, na macho yake yakanifuata mpaka nikamaliza kumimina, na mkono ukalala juu ya blanketi umefunguka. Nilimwuliza, "Ni haya, Alojz? Ni haya siku zote?" Akafumba macho akafumbua. Nikamwambia, "Basi hiyo itakuwa 'ndiyo' yetu. Ukikataa usifumbe." Akafumba.

Eryk alifika jioni na nyundo na mifuko ya plastiki. Nikamwambia kabla hujavunja kitu chukua jagi hili uingie bafuni. Alinitazama kama anavyomtazama baba yake. Akaingia ili kunipa raha. Alipotoka nalo, Alojz akaanza, Eryk alirudi nyuma mpaka ukutani, maji yakamwagikia viatu. Akajaribu tena, jikoni, bafuni, jikoni. Mwisho akakaa chini kwenye zulia na nyundo yake mapajani, akasema, "Baba, umenisikia nikikuaga?" Akafumba.

Nilishangilia. Nilicheka, nikambusu usoni pote, nikamwambia Hildegarda kupitia ukuta. Furaha hiyo ilidumu kama muda wa kuchemsha birika. Kisha ikaniingia kwamba ikiwa alimsikia Eryk, basi alisikia na daktari akimfananisha na kabati. Na alinisikia mimi ile Jumapili. Nikakaa pale pale nilipokaa siku ile. "Alojz," nikamwambia, "yale ya kufia mgodini, uliyasikia?" Alifumba, akakaa muda mrefu bila kufumbua, na chozi likatoka hivyo hivyo chini ya kope. Kuomba radhi niliomba. Unamwomba vipi mtu ambaye hawezi hata kukutukana?

Asubuhi hii nikamwuliza la mwisho, nikiwa na uhakika wa jibu, nilitaka tu Eryk alione kwa macho yake. Nikasema, "Gari linakuja kesho saa tatu. Unataka kwenda kwa masista?" Akafumba macho.

Nikadhani hakuelewa. Nikauliza upya, polepole. Akafumba. Eryk akasema, "Mama, amekubali mwenyewe." Nikamfukuzia jikoni. Nikauliza mara ya tatu nimemshika kidevu, na akanitazama moja kwa moja, akaitazama mikono yangu hii iliyopasuka, akafumba. Nikaelewa. Amelala pale miezi mitatu akinisikiliza nikihema, nikimgeuza, nikimlilia na kumlaani, na sasa amepewa kusema neno moja tu duniani, na neno lenyewe ameamua kunipumzisha.

Samaki mmoja bado hai. Yuko pembeni, anahema. Nimemtilia ndoo yake ya leo.

Eryk anasema matakwa ya mgonjwa yaheshimiwe, na wewe pengine utasema hivyo hivyo, wewe unayejua kulala na kusikia watu. Nimewaza mchana kutwa. Nimepika, nimemlisha, amekula vizuri kuliko siku zote, mnafiki yule. Jina lililo kwenye kola za pajama nimelifumua lote kwa wembe, akiona. Gari likija kesho nitasimama mlangoni niwarudishe. Nimeshamwambia. Alikunja uso, akakodoa macho makubwa, hataki kufumba hata kidogo, hasira zile zile za wakati wa njiwa.

Mwache akasirike. Akitaka kubishana na mimi, ajifunze kusema.

Gertruda